Kuchora njumu ya mlango wa Kizanzibari kwa FreeCAD

Njumu za shaba kwenye milango ya Mji Mkongwe zina umbo la pia, kwa hiyo usianze na silinda ukaichonga. Chora nusu ya umbo lake kama linavyoonekana kwa upande, kisha uizungushe.

Katika FreeCAD, programu huria ya kuchora maumbo ya 3D, fungua eneo la kazi la Part Design, unda mwili mpya (Body), na uweke mchoro kwenye bapa la XZ, lile la wima. Kutoka sifuri nenda milimita 30 kulia, panda 4, rudi hadi 22, kisha panda kwa mshazari kuelekea mhimili wa wima, kimo 45. Nchani weka tao la nusu kipenyo milimita 3, kitovu chake juu ya mhimili. Usilisubirishe hadi mwisho: ncha kali ya pia haina ukingo wa kulainishwa. Funga mchoro kwa mstari wa mhimili, zungusha digrii 360.

Ikikataa kuzunguka, aghalabu ncha mbili za mistari zimekaribiana bila kuunganishwa, au mstari umevuka mhimili.

Kwa shina, yaani sehemu inayoingia kwenye mbao, chora duara la kipenyo milimita 8 kwenye bapa la XY, lile la mlalo, si juu ya uso wa njumu. Uso hubadilika ukihariri, bapa halihami. Linyooshe duara hilo (Pad) milimita 40, ukigeuza mwelekeo, la sivyo shina litazama ndani ya njumu.

Kulainisha kingo kuje mwisho kabisa. Ukingo wa nje wa kitako utosheke na milimita 1. Ukifika 4 unakula unene wote na programu hugoma.

Unataka njumu pana? Bofya mara mbili mchoro wa kwanza, badili 30 iwe 35.