Presha ya Petroli Iko Chini: Pima Kabla ya Kununua Pampu

Gari la zamani likianza kukohoa mlimani, neno la kwanza gerejini huwa "hiyo ni pampu". Pampu inanunuliwa, tangi linafunguliwa, na baada ya wiki mbili gari linakohoa vilevile. Presha ikiwa chini, ama mafuta hayafiki ya kutosha (pampu, umeme wake, chujio la ndani ya tangi, filta, mipira), ama yanafika lakini reguleta (kifaa kinachodhibiti presha) inayaachilia yarudi tangini mapema mno. Geji na plaizi hutenganisha mambo hayo mawili kwa dakika chache.

Mwongozo huu ni wa magari ya petroli ya EFI (yanayopuliza petroli kwa nozeli badala ya kabureta) ya miaka ya 1990 yenye bomba la kurudisha mafuta tangini. Mfano wetu ni Corolla AE100 na AE110 zenye injini ya 5A-FE. Vitz na Corolla NZE zilizokuja baadaye zina reguleta ndani ya tangi na presha yake ni ya juu zaidi, kwa hiyo usitumie namba za hapa.

Dalili

Mjini gari halina neno. Likiwa na abiria wanne likipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, linafika mahali linaishiwa pumzi. Unashusha gia na bado halivuti, ukiachilia pedali kidogo linapata nafuu. Asubuhi stata inazunguka muda mrefu kabla injini haijashika. Plagi zote nne ni nyeupe kama chokaa, kwa kuwa hewa ni nyingi na petroli ni haba. Ikiwa plagi moja tu imelowa na nyingine ziko sawa, angalia waya wa plagi kwanza.

Vifaa

Geji ya EFI ya hadi bar 7 (psi 100) pamoja na viunganishi vyake. Geji ya tairi haifai. Multimita, plaizi, washa (pete za kuzibia) mpya za bolti ya filta, matambara, na mtungi wa unga wa kuzimia moto ukiwa karibu na mkono. Ukinunua mpira wa petroli Kirinyaga Road, sema wazi kwamba ni wa EFI. Wa kabureta unafanana nao kwa macho, lakini haukutengenezwa kwa bar 3. Taa iwe tochi ya LED: balbu ya moto ya kuning'iniza ikidondokewa na petroli hupasuka, na hapo ndipo gari huungua.

Hatua ya 1: Toa presha

Fanyia kazi hii nje, mbali na mtu wa kuchomelea. Inua kiti cha nyuma, chomoa soketi ya pampu, washa injini na uiache izime yenyewe. Piga stata sekunde tatu, kisha chomoa terminali hasi ya betri. Zungushia tambara bolti ya juu ya filta na uilegeze polepole. Petroli kidogo bado itatoka.

Hatua ya 2: Funga geji

Geji ikae kati ya filta na reli ya nozeli (bomba linalogawa petroli kwa nozeli). Rudisha soketi na betri. Toyota nyingi za enzi hizo haziendeshi pampu kwa kufungua swichi tu, hungoja stata izunguke. Kwa hiyo fungua kisanduku kilichoandikwa DIAGNOSTIC chini ya boneti, unganisha tundu za +B na FP kwa kipande cha waya, kisha weka swichi ON bila kuwasha injini. Soma maandishi ya kifuniko mara mbili: ukigusanisha +B na E1 utachoma fyuzi. Pampu ikianza kunguruma, kagua kila kiungo. Kikivuja hata tone, zima na ukaze upya.

Hatua ya 3: Soma geji

Toa ule waya, kisha washa injini. Chomoa mpira mwembamba wa vakyumu (mvuto wa hewa ya injini) kwenye reguleta na uuzibe. Geji inapaswa kusimama kati ya bar 2.7 na 3.0 (psi 38 hadi 44). Rudisha mpira, injini ikiwa imetulia (inawaka bila kukanyagwa mafuta): bar 2.1 hadi 2.6 (psi 30 hadi 37).

Tazama ncha ya mpira huo. Ikiwa ndani kuna petroli, kiwambo cha reguleta kimetoboka. Badilisha reguleta kabla ya kuendelea na vipimo.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo mvuto ndani ya manifoldi (njia ya hewa kuingia injini) ni dhaifu kuliko wa Mombasa. Ukirudisha mpira hapa, sindano ya geji hushuka karibu bar 0.5, wakati pwani ingeshuka zaidi ya hapo. Usiihukumu reguleta kwa sababu hiyo. Kipimo cha mpira uliochomolewa hakibadiliki na mwinuko, ndiyo maana tunakitegemea zaidi.

Sasa kanyaga mafuta ghafla. Sindano iruke juu mara moja, karibu na kile kipimo cha mpira uliochomolewa. Ikisita au ikianguka, mafuta hayatoshi. Pampu iliyochoka mara nyingi hupita mtihani gari likiwa limesimama, kwa hiyo itafutie mlima. Bana geji chini ya waipa, nje ya kioo cha mbele, mwenzio asome wewe ukiendesha. Kamwe usiingize geji yenye petroli ndani ya gari.

Hatua ya 4: Bana mpira wa kurudisha

Hiki ndicho kipimo kinachookoa pesa. Pampu ikiendeshwa tena kwa ule waya, funika mdomo wa plaizi kwa kitambaa na ubane mpira wa kurudisha mafuta, sekunde mbili au tatu tu. Presha ikipanda kwa kasi na kupita bar 4, pampu ni nzima na tatizo ni reguleta. Achilia mara moja. Isipopanda, au ikijivuta taratibu, mafuta hayafiki. Mpira ukiwa mgumu na una nyufa, ubadilishe kwanza. Bomba la plastiki au la chuma halibanwi.

Hatua ya 5: Mafuta hayafiki

Anza na umeme, kwa sababu haugharimu kitu. Pima volti kwenye soketi ya pampu ikiwa inazunguka, kisha volti za betri wakati huohuo. Tofauti ikizidi 0.5 kuna waya, relei au soketi inayokula umeme, na mota inayokosa volti huzunguka polepole. Upande wa ati (njia ya umeme kurudi kwenye betri), weka ncha moja kwenye pini hasi ya pampu na nyingine kwenye terminali hasi ya betri. Ikizidi 0.2 safisha ati. Itazame soketi yenyewe: pini iliyogeuka kahawia na plastiki iliyoanza kuyeyuka kando yake ni ushahidi tosha.

Kisha filta. Itoe na uimwage kwa kupitia mdomo wa kuingilia, juu ya sahani nyeupe. Mafuta meusi yenye chembe za kutu yanakwambia filta imejaa na tangi nalo ni chafu, hivyo filta mpya peke yake haitadumu.

Mwisho ndipo ufungue tangi. Kabla ya kuilaumu pampu, kagua soksi ya chujio chini yake na kile kipande kifupi cha mpira kinachoiunganisha na bomba. Kipande hicho kikipasuka, mafuta yanazunguka humohumo tangini na pampu inalaumiwa bure. Pampu hupozwa na petroli inayoizunguka, na gari linaloishi na taa ya mafuta ikiwaka huiua mapema.

Hatua ya 6: Kiasi na kushikilia

Elekeza mpira wa kurudisha kwenye chombo cha petroli na uendeshe pampu sekunde 30. Inapaswa kutoa angalau nusu lita. Kisha zima na usubiri dakika tano: presha isishuke chini ya bar 1.5 (psi 21). Ikishuka haraka, rudia ukiwa umebana mpira wa kuleta mara tu unapozima. Ikishikilia sasa, vali ndani ya pampu haifungi. Fanya vivyo hivyo kwa mpira wa kurudisha. Ikishikilia, ni reguleta. Isiposhikilia popote, nozeli zinadondosha.

Ukirudisha bolti ya filta, weka washa mpya pande zote mbili za kiungo. Endesha pampu dakika moja, ukipitisha tochi na kidole kila mahali ulipofungua. Kisha toa waya wa +B na FP kabla ya kufunga boneti: ukibaki humo, gari likigonga na injini ikazima, pampu itaendelea kusukuma petroli hadi mtu afunge swichi.