SOMO: Mgonjwa anayelala stendi kapona. Anaruhusiwa kwenda wapi?

Wiki hii nimeulizwa faragha mara nne, naandika mara moja. Niko ustawi wa jamii hospitalini, Dar.

1. Anza kupanga atakakokwenda siku anayolazwa.

2. Msamaha wa gharama ushughulikiwe mapema, asije akakwama wodini kwa deni.

3. Ndugu. Hapa ndipo nilipoharibu. Kijana aliyevunjika mguu alisema kwao Singida. Tukachangishana nauli, nikampandisha basi Mbezi na hogo lake (plasta ngumu ya mguu), nikaenda kulala. Wiki ya tatu kaletwa tena, hogo linanuka. Nyumba ya shangazi ilishauzwa, na kijana mwenyewe alijua. Alitaja Singida kwa sababu nilimuuliza "kwenu wapi?", na swali hilo hakuna anayekosa jibu lake. Siku hizi nauliza: "Usiku kabla hujaletwa ulilala wapi? Nani alikupa chakula?" Ndugu akipatikana, waongee kwa simu ukisikia, kisha mtendaji wa kijiji athibitishe. Bila hayo mawili USIKATE TIKETI. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na mtu, omba makazi ya wazee (Dar ni Nunge, Kigamboni) kupitia ustawi wa halmashauri.

4. Kusafisha kidonda: zahanati iliyo karibu na anapolala, si karibu na wewe.

5. Ijumaa jioni haruhusiwi mtu kutoka wodini.

Mpitanjia: Mkuu, wangu hana kwao. Nimpe tu nauli?

Jibu: Hatua ya 3.

Mpitanjia: Kumbe hutaki kusaidia.

Jibu: Nimeanika aibu yangu aya nzima ili usiulize hilo. Isome.

Nesi wa Kibaha: Dada, wa TB je? Bila anwani si atapotea?

Jibu: Dawa ni bure, ila ni miezi 6, kwa hiyo usimpe karatasi ukamwacha. Mfikishe wewe mwenyewe kwenye kituo cha afya atakapochukulia dawa. Msimamizi wa dawa (anayehakikisha anameza) si lazima awe ndugu: mgonjwa wangu mmoja anasimamiwa na mama lishe ambaye yeye humwoshea vyombo. Mama tulimwita, akafundishwa, naye akapimwa. Penye "anapoishi" tuliandika kibaraza anacholala.

Nesi wa Kibaha: Na wa kisukari anayechoma insulini? Hana friji.

Jibu: Chupa iliyofunguliwa hukaa nje kama wiki 4 joto lisipozidi nyuzi 30, na Dar inazidi. Akiba ibaki friji ya zahanati, achukue chupa moja moja. Mwenye pa kuishi ila hana friji atumie chungu kilichowekwa ndani ya kingine, katikati mchanga uliolowa.

Fundi Baiskeli: Hicho chungu kitamfaa bibi yangu kijijini?

Jibu: Kitamfaa, hasa kama hewa ya huko ni kavu. Kisipakwe rangi, kikae kivulini penye upepo, mchanga usikauke, dawa isiguse maji.