Kumbikumbi, minana na mbayuwayu: jinsi ya kufuatilia misimu ukiwa nyumbani

Wengi wakisikia wanyamapori wanawaza Serengeti. Mimi huanzia uani, na huanza na mvua. Maelezo haya yanafaa pwani ya Tanzania na Kenya, na kokote kwenye vuli na masika.

1. Andaa daftari. Safu tatu zinatosha: tarehe, mvua, ulichokiona. Siku isiyo na kitu iandike pia. Simu inafaa kwa picha, lakini daftari likining'inia karibu na mlango utalikumbuka.

2. Subiri kumbikumbi. Vuli huanza Oktoba au Novemba. Baada ya mvua nzuri ya kwanza, jioni yake au ya kesho yake, tazama kichuguu au ardhi tupu kabla giza halijaingia. Utaona matundu yamefunguliwa, mchwa askari wamesimama pembeni, vichwa nje. Kumbikumbi wengine hutoka usiku na kukimbilia taa ya baraza. Hapo wengi hutega beseni la maji, na sina ugomvi nao, kumbikumbi wa kukaanga ni watamu. Ila kabla ya kukaanga, chuchumaa na tochi.

Chagua mmoja aliyetua. Jike huinua tumbo na kutulia, dume humfikia. Mbawa hukatika kwenye mstari uleule karibu na shina, kisha wanatembea, jike mbele, dume nyuma akimgusagusa, wakitafuta pa kuchimba. Wakinusurika ndio mfalme na malkia wa kichuguu kipya. Wengi hawanusuriki: mjusi kafiri yuko ukutani, chura yuko chini ya taa. Andika na hao. Ukishaona, zima taa ili waliobaki wapate kutua ardhini.

3. Tazama minana. Masika, Machi hadi Mei, nyasi zikiwa ndefu, dume husuka kiota kwa majani mabichi, mara nyingi kwenye mnazi. Kikiisha, hujining'iniza chini ya mlango akipiga mbawa na kupiga kelele. Jike huingia na kuvutavuta kuta. Asiporidhika, anaondoka. Kiota kikikauka bila mwenyeji, dume hukibomoa na kusuka kingine. Kila wiki hesabu viota vya kijani na vya kahawia, kila kundi peke yake.

4. Mbayuwayu wa Ulaya. Hufika kuanzia Septemba na kupanga mstari kwenye nyaya za umeme. Aliyekomaa ana koo jekundu la rangi ya tofali, mkanda mweusi chini yake na mkia wa panda. Usimchanganye na mbayuwayu wa hapa mwenye michirizi kifuani. Kufika kwao utakuona tu. Kuondoka, Machi na Aprili, ndiko kunakowapita watu, maana hakuna siku utakayojua kuwa ndiyo ya mwisho. Basi kuanzia Machi weka alama kila siku unapowaona. Alama ya mwisho ndiyo tarehe yako.