Jamii yenu ni ndogo na hamna mbunge? Fanyeni hivi mskike bungeni

Kama umetoka jamii ndogo ka Ogiek, Sengwer, Yaaku ama Ilchamus unajua vile huwa, kura zetu hazitoshi kuweka mtu, kwa hivyo kila miaka mitano tunapigia mtu wa jirani na akishafika Nairobi hatumuoni tena. Inauma sana, lakini kuna njia na sheria imeziweka wazi.

Kwanza shika katiba ya Kenya. Kifungu cha 260 kikieleza jamii iliyotengwa kinataja jamii asili zinazoishi kwa kuwinda na kukusanya, na cha 100 kinataka bunge litunge sheria ya kuwaingiza watu wa makundi hayo bungeni. Ilchamus wa Baringo walienda Hai Koti wakilalamika miaka zaidi ya 40 hawajawahi kuwa na mbunge wao, na Disemba 2006 korti ikawatambua kama jamii ya wachache. Taja hiyo kesi kila mahali.

Ya pili ndio kubwa, petisheni. Kifungu cha 119 kinasema mtu yeyote anaweza kupelekea bunge ombi, si lazima uwe na mbunge wako. Unaandikia Karani wa Bunge, Kiswahili kinakubalika kabisa, lugha iwe ya heshima na karatasi isiwe na mahali pamefutwa futwa. Eleza shida, sema mlishaenda ofisi gani na mkajibiwa nini (kwa hivyo wekeni kopi za barua zote, hata ile ya chifu), sema kama jambo liko kortini ama haliko. Alafu mwisho andika wazi mnataka bunge lifanye nini, hapa ndio watu wengi hukosea, wanaandika kurasa nne za uchungu na hawaombi kitu. Majina, anwani, namba za kitambulisho, sahihi. Mzee asiyejua kuandika anaweka kidole gumba, msimuache nje, yeye ndiye anajua mpaka wa msitu ulipita wapi.

Na msidhani kushinda kesi inamaliza. Ogiek walishinda serikali kwa kesi ya ardhi yao kwenye Mahakama ya Afrika pale Arusha 26 Mei 2017, na 2022 ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi milioni 157 na wapewe hati za ardhi ya mababu zao, lakini hukumu haijitekelezi yenyewe, lazima watu waisukume serikalini na bungeni kila mwaka.

Viti vya orodha ya chama sasa, yaani vile chama huteua watu bila wao kupigiwa kura. Bunge la kaunti lina viti vya makundi yaliyotengwa, na vyama hugawiwa kulingana na viti vya wadi walivyoshinda, kwa hivyo ongeeni na chama chenye nguvu kwa kaunti yenu. Chama kinapeleka orodha ya majina IEBC (tume ya uchaguzi) angalau siku 45 kabla ya uchaguzi na ikishaingia haibadilishwi muhula wote. Yaani uchaguzi ukiwa Agosti, mwisho wa Juni mlango umefungwa! Anzeni mwaka mzima mapema, kaeni kikao mkubaliane jina moja, mkipeleka matatu chama kitachagua mtu wao. Na huyo mtu mumchukulie kadi ya chama mapema, muende naye ofisi ya chama ya kaunti mkiwa wengi, wazee, kina mama na vijana, na mkitoka hapo muwe na barua imegongwa muhuri kwamba jina limepokelewa.