Umeitiwa kazi ya ulinzi nje? Soma kabla hujatoa paspoti

Hii nawaandikia khasa vijana walopita JKU au KMKM, vikosi vyetu vya Zanzibar, maana nyie ndo mnaotafutwa. Mtu anakutumia meseji WhatsApp, kazi ya ulinzi nje, mshahara kwa dola, tiketi juu yao, na suali la mwanzo anakuuliza bunduki unaijua? Hapo simama kwanza.

Kazi ya kupindua serikali ya watu haitangazwi kwa jina lake. Mwezi wa Machi 2004 ndege ilikamatwa Harare na watu kama 70 ndani, wengi wanajeshi wa zamani wa Afrika Kusini, wakasema wanakwenda Congo kulinda migodi, na wako walokuwa wanaamini hivo kweli, kumbe safari ni ya Guinea ya Ikweta kumng'oa rais Obiang. Wadogo wakakaa jela ya Chikurubi zaidi ya mwaka. Mkubwa wao Simon Mann alihukumiwa miaka 34 mwaka 2008, mwaka ulofata kasamehewa karudi kwao. Mark Thatcher, mtoto wa waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, alochangia pesa za mpango huo, kalipa faini randi milioni 3 basi. Haiti 2021 vilevile, wanajeshi wastaafu wa Colombia walipelekwa na kampuni ya Florida, wengi wanasema waliambiwa wanakwenda kulinda wakubwa, rais akauliwa na wao ndo walokamatwa wakatiwa ndani.

Na msione mambo ya mbali. Ngazija tuna ndugu zetu, Bob Denard, mamluki wa Kifaransa, kashuka 1978 na watu kama 50 kwa meli ya uvuvi kapindua, 1995 karudi tena kwa boti za mpira. Seychelles 1981 kina Mike Hoare, mamluki walokwenda kupindua, walijifanya wacheza raga mpaka mtu wa forodha akaikuta bunduki kwenye begi.

Sasa ufanye nini. Mkataba kwanza, paspoti baadae, asokupa mkataba usimpe hata picha ya paspoti. Usome wote, uwe kwa lugha unoijua, kama ni Kirusi na wewe hujui Kirusi usitie saini kwa kutafsiriwa na huyo huyo anaekuajiri. Utafute nchi, mji, na nani khasa unaemlinda, ukiambiwa "utajua ukifika" achana nao. Uliza silaha mtabeba kwa kibali cha serikali gani. Uliza ukifa nani analeta maiti na wazee wanapata nini, hili watu wanaona haya kuuliza lakini ndo linalowatoa jasho matapeli. Viza ikiwa ya utalii na wewe unakwenda kufanya kazi, hapo hapo ushakuwa mkosa. Jina la wakala lipeleke Kamisheni ya Kazi uulize kama ana leseni, ni nauli ya daladala tu.

Kopi ya mkataba na tiketi mwachie mama au kaka, sio rafiki mnaekwenda nae.

Ukishafika kazi ikabadilika, ukapewa karatasi mpya au sare isiyo na jina la kampuni, usitie saini, sema unaumwa, tafuta ubalozi. Namba ya ubalozi iandike kwenye karatasi uitie ndani ya kiatu, maana simu ndo wanachukua mwanzo.