Kupiga picha za majira ya baridi Lake Superior mkiwa kundi

Kwa ukubwa wa eneo, Lake Superior, lililo mpakani mwa Marekani na Kanada, ndilo ziwa la kwanza duniani kati ya yale yasiyo na chumvi, na Victoria letu ni la pili. Mimi ni mtu wa Mwanza ninayeishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, na hiyo nafasi ya pili bado inaniuma kidogo. Lakini kila baridi ikifika napanda kaskazini na wenzangu: dada mmoja wa Bukavu, kaka wa Mombasa anayefanya kazi za usiku, na mwingine yeyote atakayekuwa na nafasi. Wageni wanaotaka kujiunga nasi huanza kwa kuuliza walete lenzi gani. Hilo tutalifikia. Kwanza siku, kisha watu, kisha mwili wako.

Siku chagueni kwa kutazama upepo na kipimo cha baridi. Desemba na Januari maji ya ziwa mara nyingi huwa bado wazi, hayajaganda. Hewa ya nyuzi 20 au zaidi chini ya sifuri ikitulia juu yake, mvuke huinuka na kutembea juu ya maji, na jua likichomoza nyuma yake unageuka rangi ya chungwa. Februari na Machi mnafuata kitu kingine: upepo unaotoka ziwani huvunja barafu na kuzirundika sahani zake ufukweni, nyembamba, zenye ubuluu ndani. Siku yenye jua zuri na joto la kuvumilika ni ya kuendea matembezi. Picha zake zitakuwa za kawaida.

Kutoka Minneapolis hadi Duluth ni kama kilomita 250, halafu mnashika barabara ya 61 inayofuata ufuo. Laleni Duluth au Two Harbors, wanne chumba kimoja mkichangiana. Kutoka Minneapolis saa tisa usiku ili kuwahi mapambazuko inawezekana, ila dereva atafika macho mekundu, na barabara ya barafu haitaki usingizi. Kabla ya kuondoka angalieni hali ya barabara kwenye huduma ya 511 ya jimbo. Ndani ya gari kuwe na sepetu, blanketi, kikwaruzio cha kioo, na tangi lisishuke chini ya nusu.

Asubuhi ya kwanza nendeni Split Rock, mnara wa taa uliowashwa mwaka 1910 juu ya jabali la kama mita 40. Msiende kupiga mkiwa juu kwenye mnara wenyewe. Shukeni kwenye ufuo wa mawe ulio kusini-magharibi yake, ndani ya hifadhi ya jimbo, mkilitazama jabali kwa mbali. Katikati ya Januari jua huchomoza karibu na saa mbili kasorobo, upande wa kusini-mashariki, kwa hiyo litakuwa mkono wenu wa kulia juu ya maji, likilipiga jabali ubavuni. Muwe mmeshasimamisha stendi zenu za kamera saa moja kasorobo. Rangi tamu huja kabla ya jua lenyewe, na anayefika jua likiwa limetoka ameikosa.

Hapa ndipo kundi linapojengeka au kugombana. Theluji ambayo haijakanyagwa ni mali ya wote, na nyayo za mtu mmoja zinaiharibu kwa wanne. Tembeeni mstari mmoja, mpite nyuma. Wenye lenzi pana wapige kwanza, kwa sababu theluji iliyo mbele ya miguu yao ndiyo nusu ya picha yao. Wenye lenzi ndefu wanapiga jabali na mawimbi ya mbali, nyayo haziwahusu, basi wasubiri, na baadaye mbadilishane. Tochi za kichwani ziwe na taa nyekundu, na zizimwe mwenzako akiwa anafungua shata, yaani pazia la kamera linaloingiza mwanga, kwa muda mrefu. Na pangeni mapema kwamba yeyote akisema "turudi garini", mnarudi. Hakuna kumbembeleza, hakuna "dakika tano tu".

Gawanyikeni wawili wawili, kila mmoja mlinzi wa uso wa mwenzake. Baridi ikianza kuua ngozi, ngozi hufa ganzi, na mwenyewe hahisi. Maelezo mengi husema utazame wekundu au weupe. Kwenye ngozi nyeusi tafuta sehemu iliyofifia na kuwa ya kijivu, hasa ncha ya pua, mashavu na masikio. Ukiiona, mpeleke mwenzako kwenye joto mara moja, na usimsugue.

Nguo sitazirefusha: sufu mwilini, kitambaa cha pamba kibaki nyumbani kwa sababu kikishika jasho kinakugandisha, buti zenye nafasi ya kuchezesha vidole, na meno ya chuma ya kuvalisha juu ya buti, maana mawe ya ufuoni yanavikwa barafu na manyunyu ya mawimbi. Mikononi vaa glavu nyembamba ndani na kubwa juu, usiguse chuma cha stendi kwa mkono mtupu. Chai ya tangawizi ijae chupa. Na barafu ya ziwa hili msiikanyage hata ikionekana nene, kwa kuwa upepo unaweza kuikata kutoka ufuoni na kuondoka nayo.

Sasa kamera. Kamera hudhani dunia yote ina mng'ao wa katikati, kwa hiyo ukiielekeza kwenye theluji inaipunguza mpaka theluji iwe ya kijivu. Tafuta kitufe chenye alama ya jumlisha na toa, uongeze mwanga. Kabla ya jua kutoka, +0.7 inatosha. Jua likishapiga theluji, nenda +1 hadi +1.7. Usiiamini skrini, kwa sababu gizani inang'aa kuliko ukweli. Fungua histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha giza kushoto na mwanga kulia, mlima wake uegemee kulia bila kugonga ukingo. Piga RAW, faili ghafi ya kamera inayokubali kurekebishwa baadaye. Theluji iliyo kivulini itatoka ya buluu, na wengi huiosha yote kwenye kompyuta ikawa nyeupe ya karatasi. Mimi huacha buluu nyingi. Ndiyo inayomwambia mtazamaji kwamba palikuwa na baridi.

Kwa mawimbi yanayorudi kati ya mawe, anza na shata ya robo hadi nusu sekunde, f/11 (tundu dogo la lenzi), ISO 100 (wepesi mdogo wa kamera kuhisi mwanga). Fokasi iweke mapema kwa mkono, kisha ishikishe pete ya lenzi kwa kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi, maana vidole vilivyokufa ganzi huisogeza bila wewe kujua. Kati ya picha na picha inamisha lenzi chini, kwa sababu tone la maji likitua juu yake linaganda hapohapo. Usilipulizie pumzi, utaongeza barafu. Vua filta, kile kioo kinachofungwa mbele ya lenzi, uvalishe nyingine. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na kifua. Inayosema imekwisha, ipashe humo kwanza. Mara nyingi ina chaji bado.

Kisha ipo picha ambayo hakuna anayekiri kuitaka, na kila mtu anaitaka: yeye mwenyewe kwenye theluji, ya kutuma nyumbani. Mama hana haja na mnara, anataka kuona umevaa kofia. Pima mwanga usoni, si kwenye theluji, la sivyo uso wa Mwafrika utatoka kivuli kitupu. Mgeuze mtu jua liwe nyuma ya bega lake, theluji iliyo mbele yake irudishe mwanga chini ya kidevu na machoni. Studio nyingi hulipia taa kupata hicho. Wekeni zamu ya picha hizi mwishoni, jua likishapanda, vinginevyo zitakula mapambazuko yote.

Mkirudi kusini simameni Gooseberry, maporomoko yaliyoganda yako mwendo mfupi kutoka maegesho. Tumieni lenzi ndefu kutafuta mahali maji yanapopita bado chini ya barafu, nanyi mbaki kwenye njia.

Mtu aliyewahi kutoka na kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi Dar es Salaam anajua lenzi inavyotoka jasho. Hapa jasho hilo huja ukiingia ndani. Mkiwa bado nje, toeni memori kadi, kisha fungeni kila kamera ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ukae umefungwa saa moja au mbili mpaka kamera ilingane na joto la chumba. Kadi isipotolewa kwanza, mtakula chakula cha mchana mmekodolea mifuko, na kaka wa Mombasa ataanza kusimulia picha zake kwa maneno.