Namna ya kumhudumia mgonjwa wa jirani

Nilivuka mto Songwe kutoka Karonga, Malawi, mwaka 1971, bibi harusi mwenye sanduku moja. Kingonde changu na Kinyakyusa cha hapa Tukuyu ni ndugu, hata hivyo niliitwa mgeni. Ujirani niliupata kitandani kwa mgonjwa, na tangu hapo sijaacha.

Binti yangu, ukitaka kuanza, usiende na maswali mengi. Piga hodi, salimia, shika ufagio au ndoo. Uliza moja tu: dawa anakunywa saa ngapi?

Uji upike wa ulezi. Vuruga unga kwa maji baridi kwanza, ndipo umimine kwenye maji yanayochemka, ukikoroga mpaka uive. Ubebe kwenye chupa ya chai, maana baridi yetu ya Juni haina huruma. Mnyweshe akiwa ameketi, kijiko kwa kijiko.

Asiyeweza kujigeuza ndiye anayeninyima usingizi. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, usiku pia, kwa hiyo pangeni zamu. Mwinueni wawili kwa shuka, msimburute, ngozi huchubuka. Kagua makalio, nyonga, visigino. Ukiona alama nyeusi au nyekundu isiyoondoka, usiisugue kabisa: mlaze upande mwingine, umwite mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Niliwahi kungoja siku tatu, kisigino cha mama mmoja kikafumuka kidonda. Naumia mpaka leo.

Ukiaga, mtajie siku ya kurudi. Mimi kesho saa nne nipo kwa bibi wa ng'ambo ya barabara. Njoo na kanga ya pili.